Charles Stokes, Mfanyabiashara Aliyenyongwa Lindi

Kaskazini ya misitu ya Walikale, mbali sana na Shasha, unapita mto uitwao Lindi. Maji yake hushuka na kuingia katika Mto Kongo karibu na Kisangani. Watu wengi wanajua mji wa Lindi ulio pwani ya Tanzania, lakini habari hii ni ya Lindi ya Kongo, ile ya msituni. Hapo, tarehe 15 Januari 1895, asubuhi mapema, mtu mweupe mmoja alitundikwa juu ya mti akafa. Aliyetoa amri alikuwa mtu mweupe mwenzake. Aliyekufa aliitwa Charles Henry Stokes, mzaliwa wa Ireland.

Wakatekumeni wapenzi, katika kurasa hizi huwa mnasoma maisha ya Watakatifu. Stokes hakuwa Mtakatifu. Hakuwa hata mwana wa Kanisa Katolika, kwa maana alikuwa Mprotestanti. Hata hivyo ni vema Mkristu aijue habari yake, kwa sababu mtu huyu alianza kazi kwa ajili ya Injili akamaliza maisha yake kwa ajili ya pembe za ndovu. Tena, kitu kilichomtajirisha na kumwua ndicho kitu kile ambacho watu wa Masisi na Walikale wameonja uchungu wake hata siku hizi, nacho ni bunduki.

UJANA WAKE NA WITO WAKE

Stokes alizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ireland, mwaka 1852. Ireland ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, na wakati ule kilitawaliwa na Waingereza. Miaka michache tu kabla ya kuzaliwa kwake, njaa kubwa ilikuwa imeingia nchini, maana viazi vilioza mashambani mwaka baada ya mwaka. Watu kadiri ya milioni moja walikufa, na wengine wengi wakapanda merikebu kwenda kutafuta riziki ng'ambo. Tangu hapo vijana wa Ireland walizoea kuihama nchi yao. Wengine wakawa askari, wengine wenye maduka, wengine wakapata vyeo katika makoloni.

Stokes naye aliihama nchi yake, lakini mwanzoni hakufuata mali. Alikwenda Uingereza akajitoa kwa chama cha misioni cha Waprotestanti kiitwacho Church Missionary Society. Hakuwa mchungaji, alikuwa mlei, mtu wa kazi za mikono na za safari. Mwezi Mei 1878 alifika Zanzibar, na mwaka 1879 akafika Uganda kwa Kabaka Mutesa. Mwaka ule ule Mapadri Weupe wa kwanza, Padri Simeoni Lourdel na Bruda Amansi, nao walifika Uganda. Basi Stokes aliwaona kwa macho yake wale waliopanda mbegu ya kwanza ya imani katika nchi ile.

KIONGOZI WA MISAFARA

Siku zile hapakuwa na reli wala barabara ya magari kutoka pwani hata Ziwa Viktoria. Kila kitu kilibebwa kichwani au begani: vitabu, dawa, nguo, chumvi, misumari, hata vipande vya mashua. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kilo thelathini hivi. Kutoka pwani hata Tabora ni mwendo wa kilometa 800 au zaidi, na msafara ulitembea miezi miwili au mitatu ukipita katika nyika zisizo na maji. Kila mtemi njiani alidai hongo kabla ya kuwaruhusu watu kupita. Tena walikuwako wanyang'anyi waliovizia misafara. Mwaka 1878 mwenzake mmoja Stokes, jina lake Penrose, aliuawa njiani pamoja na wapagazi wengi.

Katika kazi hii ngumu Stokes alionyesha uwezo wake. Alijifunza Kiswahili vizuri. Alijua kuongea na watemi, alijua bei ya hongo, alijua kuwatuliza wapagazi walipotaka kutoroka. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa wapagazi hodari kupita wote, walimpenda wakakubali kumfuata. Mwaka 1882 ndiye aliyeongoza msafara wa James Hannington, aliyekuwa baadaye askofu wa Waanglikana. Hannington huyo aliuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Mwaka 1883 Stokes alioa huko Zanzibar. Mkewe aliitwa Ellen Sherratt, mwuguzi wa misioni nyingine ya Waanglikana. Lakini mwaka uliofuata Ellen alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache tu akafariki. Stokes akabaki mjane katika nchi ya ugeni, mwenye mtoto mchanga. Ni msiba mzito kwa mtu ye yote.

AIACHA KAZI YA MISIONI

Baada ya msiba huo njia yake ilianza kugeuka. Alimwoa Limi, mwanamke wa Kinyamwezi wa ukoo wa mtemi Mtinginya wa Usongo, kaskazini ya Tabora. Kwa ndoa hiyo alipata udugu na nyumba ya utawala, na watu wakaanza kumhesabu kama mmoja wao. Wakubwa wa chama chake hawakupendezwa na ndoa hiyo, wala hawakupendezwa na biashara aliyoanza kuifanya. Karibu na mwaka 1886 wakaachana kabisa.

Hapa yafaa kupambanua. Kumwoa mwanamke mweusi hakukuwa dhambi, maana watu wote ni watoto wa Baba mmoja. Kufanya biashara si dhambi pia. Mwenye duka anayeuza chumvi, sabuni na nguo kwa bei ya haki anawatumikia jirani zake, na faida yake ni halali. Neno la kuangalia ni hili: mtu anauza nini, anamwuzia nani, na moyo wake umekaa wapi.

Stokes alijenga makao yake Usongo. Hapo palikuwa ghala yake na soko lake. Kutoka pwani alileta nguo za merikani, shanga, waya wa shaba, pia bunduki, baruti na fataki. Kutoka bara alipeleka pembe za ndovu, ambazo wakati ule zilinunuliwa kwa bei kubwa Zanzibar na Ulaya. Wapagazi wake walizidi kuongezeka hata wakahesabiwa kwa mamia, kisha kwa maelfu. Na katika bidhaa zote bunduki ndiyo iliyoleta faida kubwa, maana kila mtemi aliitaka. Mwenye bunduki aliwinda ndovu wengi zaidi, tena aliweza kumshinda jirani yake.

STOKES NA KABAKA MWANGA

Sasa inakuja sehemu ya maisha yake inayogusa historia ya Mashahidi wa Uganda.

Kabaka Mwanga alirithi kiti cha baba yake Mutesa mwaka 1884. Yeye ndiye aliyewatesa Wakristu. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri yake. Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda walitangazwa Watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Akakimbia kwa mtumbwi hata Magu, kusini ya Ziwa Viktoria, ambako wafanyabiashara Waarabu walimweka kama mfungwa na kumnyang'anya mali yake. Huko Uganda alitawazwa ndugu yake Kiwewa, baadaye Kalema, na Wakristu wakafukuzwa nchini. Wengi walikimbilia Ankole.

Mwanga alitoroka kutoka Magu akaenda Bukumbi, karibu na Mwanza, kwenye misioni ya Mapadri Weupe. Tafakarini, wakatekumeni wapenzi. Mtu aliyewachoma moto watoto wa kiroho wa Padri Lourdel sasa alibisha hodi mlangoni pake, hana kitu, anaomba mahali pa kulala. Mapadri walimpokea wakamlisha. Walifanya vile Bwana wetu Yezu Kristu alivyofundisha juu ya adui.

Mwaka 1889 Wakristu wa Uganda waliamua kumrudisha Mwanga, wakitumaini kwamba amejifunza katika taabu yake. Lakini nani angewavusha ziwani, na nani angewapa silaha? Ndipo alipofika Stokes. Alikuwa na mashua kubwa ya tanga, alikuwa na bunduki na baruti, naye alikubali kumchukua Mwanga. Alijua kwamba kabaka akirudi katika kiti chake, pembe za ndovu za Uganda zitapita mikononi mwake. Basi akampandisha Mwanga chomboni wakaenda kaskazini.

Vita havikwisha kwa siku moja. Mara ya kwanza watu wa Mwanga walishindwa nchi kavu, wakarudi visiwani. Mwezi Oktoba 1889 Mwanga aliingia katika mji wake mkuu, akafukuzwa tena kabla ya mwaka kwisha. Mwezi Februari 1890 alirudi akashinda kabisa. Wakristu wakapata nafasi ya kusali bila hofu. Stokes akapata pembe zake.

Je, Stokes alitenda mema? Ndiyo, kwa upande mmoja. Bila mashua yake pengine Wakristu wale wangekaa uhamishoni miaka mingi. Lakini bunduki zilizoingia Uganda siku zile hazikurudi pwani. Tarehe 24 Januari 1892, mwaka wa pili baada ya ushindi, Wakatoliki na Waprotestanti wa Mengo, ambao walikuwa wamepigana bega kwa bega, walielekezeana bunduki. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwasaidia Waprotestanti kwa mzinga wake wa risasi nyingi. Watu wakauawa, na kanisa la Rubaga likateketea. Wabatizwa waliuana. Jambo hili liliwahuzunisha sana Mapadri kuliko mateso ya Mwanga, kwa maana katika mateso Wakristu waliuawa na mfalme, lakini Mengo waliuana wenyewe kwa wenyewe.

CHINI YA BENDERA YA WADACHI

Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi waligawana nchi za Afrika Mashariki. Usongo na Tabora zikawa upande wa Wadachi. Stokes, ingawa alikuwa raia wa Uingereza, aliingia katika utumishi wa Serikali ya Wadachi. Walimhitaji kwa sababu yeye peke yake aliweza kuongea na watemi wa Unyamwezi na Waarabu wa Tabora bila kupiga risasi. Hivyo mfanyabiashara akawa mtu wa siasa, akipeleka maneno ya serikali kwa watemi na kuwashauri waikubali bendera mpya.

Wakati ule ule alikuwako Emin Pasha, Mdachi mwenye elimu nyingi, ambaye naye alitumwa na Serikali ya Wadachi kwenda bara. Wawili hao hawakupatana. Baada ya muda usio mrefu Stokes aliuacha utumishi akarudi katika biashara yake. Emin alikwenda magharibi, akaingia Kongo, na mwezi Oktoba 1892 akauawa msituni kwa amri ya mkubwa mmoja wa Waarabu aliyeitwa Kibonge. Shikeni jina hilo, maana litarudi.

Tena mwaka 1890, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mapatano makubwa ya kukomesha biashara ya watumwa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alikuwa amezunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri juu ya uovu huo. Mapatano yale yalikataza pia kuingiza bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika, kwa sababu watekaji wa watumwa walikuwa wakivizunguka vijiji kwa bunduki. Stokes alikuwa mtu wa kusoma na wa dunia. Alijua kwamba biashara yake sasa imekatazwa. Hata hivyo hakuiacha.

KATIKA MISITU YA KONGO

Wakati huo Kongo iliitwa Serikali Huru ya Kongo, na mwenye kuitawala alikuwa Leopold II, Mfalme wa Wabelgiji. Tangu mwaka 1892 askari wake walipigana na Waarabu na Wangwana waliokuwa wakikamata watumwa na kukusanya pembe katika nchi za Maniema na mashariki yote. Nyangwe na Kasongo zilitwaliwa mwaka 1893. Wakubwa wa Waarabu waliobaki walikimbilia misituni.

Mmoja wao alikuwa Kibonge, aliyekuwa na mji wake Kirundu, kando ya Mto Kongo. Kirundu si mbali na mahali ambapo mto Lowa, unaotoka katika milima iliyo magharibi ya Ziwa Kivu, unaingia katika mto mkubwa. Katika mwaka 1894 Mdachi mwingine, Götzen, alifika kwenye Ziwa Kivu, akapanda Nyiragongo, kisha akapenya misitu hata Kirundu. Watu wa nchi hizi ndipo walipoanza kuwaona Wazungu. Bunduki na wenye kuzibeba zilikuwa zimetangulia.

Mwaka 1894 Stokes alifunga safari kubwa. Alipita magharibi ya Ziwa Viktoria akaingia upande wa Kongo kutafuta pembe. Alikuwa na wapagazi wengi, na katika mizigo yao mlikuwamo silaha. Akaingia katika nchi ambayo vita vilikuwa bado havijapoa, akafanya urafiki na wale waliopigana na serikali. Kibonge alikuwa mmoja wa aliowasiliana nao.

Mkubwa wa askari wa Leopold katika sehemu ile alikuwa Kapteni Hubert Lothaire, Mbelgiji. Alikuwa akimwinda Kibonge kwa ajili ya kifo cha Emin Pasha. Mwanzoni mwa Januari 1895 Kibonge, akiisha kukamatwa, alihukumiwa akapigwa risasi. Habari ya urafiki wa Stokes na Kibonge ilikuwa imefika masikioni mwa Lothaire. Akamtuma Luteni Josué Henry na askari kwenda kumtafuta. Henry alimkuta Stokes kambini mwake wakati watu wake wengi walikuwa wametawanyika msituni. Hapakuwa na vita. Stokes akakamatwa, akapelekwa Lindi.

HUKUMU YA USIKU MMOJA

Jioni ya tarehe 14 Januari 1895 Lothaire aliketi kama hakimu. Stokes alishitakiwa kwamba aliwauzia adui za serikali bunduki, baruti na fataki, nao ni Kibonge, Said bin Abed na Kilonga Longa. Mshitakiwa hakuwa na wakili wa kumtetea. Aliyemkamata, aliyemshitaki na aliyemhukumu walikuwa upande mmoja. Hukumu ikatolewa ya kwamba auawe.

Sheria ya Kongo yenyewe ilimpa mtu kama Stokes, asiye askari, haki ya kukata rufaa mbele ya mahakama kuu iliyokuwa Boma, karibu na mdomo wa Mto Kongo. Lothaire hakumpa haki hiyo. Asubuhi yake, kabla habari haijafika kokote, Stokes alinyongwa. Alikuwa amepita kidogo tu miaka arobaini. Pembe zake zikatwaliwa na serikali.

Je, Lothaire aliwaonea uchungu watu waliouawa kwa bunduki zile? Mungu ndiye ajuaye. Lakini Serikali Huru yenyewe ilikuwa ikitafuta pembe na mpira kwa nguvu za bunduki, wala haikupenda mfanyabiashara wa nje azichukue kwanza. Baadaye Lothaire alikuwa mkuu wa kampuni ya mpira katika nchi ya Mongala, na matendo yaliyotendwa huko juu ya watu weusi yalikuwa aibu kubwa.

MANENO YALIYOFUATA

Habari ya kifo cha Stokes ilichukua miezi mingi kufika Ulaya. Mwezi Agosti 1895 magazeti yaliitangaza, na Waingereza wakakasirika sana. Wadachi nao walidai haki, kwa sababu alitoka katika nchi yao pamoja na wapagazi wa nchi yao. Leopold II alilazimishwa kutoa fidia: franka 150,000 kwa Uingereza na franka 100,000 kwa Wadachi. Lothaire alishitakiwa Boma mwaka 1896 akaachiliwa. Kesi ikapelekwa Brussels, na huko pia akaachiliwa mwaka ule ule.

Tangu kesi hiyo watu wa Ulaya walianza kuuliza mambo yanayotendeka Kongo. Walisema moyoni kwamba, kama Mzungu mwenye serikali kubwa nyuma yake aweza kunyongwa bila kusikilizwa, mtu mweusi wa kijijini atapata hukumu ya namna gani? Ulizo hilo lilikuwa la kweli. Katika miaka ile watu wengi mno wa Kongo walikufa pasipo hakimu wala wakili, wala hakuna aliyewalipia fidia. Majina yao hayakuandikwa katika magazeti. Mungu peke yake ndiye anayeyajua yote. Ilipofika mwaka 1908 Leopold aliondolewa mamlaka yake, na nchi ikawekwa chini ya Serikali ya Ubelgiji.

MAFUNDISHO

Wakatekumeni wapenzi, katika maisha ya Stokes muangalie mambo manne.

La kwanza ni mwanzo wake. Alikuwa mlei aliyeitwa kuwabebea wengine mizigo ya Injili. Hakuanguka kwa siku moja. Alipatwa na msiba, akaonja faida, akaiongeza safari moja juu ya nyingine, na kila mara pembe zilikuwa nyingi kidogo kuliko mara iliyopita. Mtu anayejiandaa kupokea Ubatizo na azilinde hatua zake ndogo, kwa maana njia ndefu hutembewa kwa hatua ndogo.

La pili ni bidhaa yake. Amri ya Tano inakataza kuua. Wengine hudhani kwamba anayeivunja ni yule tu aliyevuta mtambo wa bunduki. Sivyo. Anayempa mwuaji silaha huku akijua atafanya nini nayo, ana sehemu yake katika damu ile. Vivyo hivyo anayeuza sumu, anayemficha mnyang'anyi, na anayemwonyesha njia. Mtu anaweza kusema kwamba yeye ni mfanyabiashara tu. Lakini Mungu atamwuliza pia juu ya faida yake. Akina mama waliokimbia usiku na watoto mgongoni wanajua kwamba bunduki haitoki mbinguni. Yuko aliyeileta, yuko aliyeiuza, yuko aliyepokea bei yake.

La tatu ni hukumu yake. Stokes alikuwa na kosa, lakini kosa lake halikumpa Lothaire ruhusa ya kuvunja sheria. Mshitakiwa ana haki ya kusikilizwa na ya kuwa na mtu wa kumsemea, na hakimu hapaswi kuwa adui yake. Kijijini pia mambo haya hutokea. Kitu kimepotea, mtu anatajwa, watu wanachukua fimbo kabla ya kuuliza. Au mtoto amekufa, na bibi mzee mjane anashitakiwa uchawi, anafukuzwa katika nyumba yake. Mkristu asiwe katika kundi hilo. Asimame aombe kwamba maneno yasikilizwe kwanza, hata kama atasimama peke yake.

La nne ni mlango wa Bukumbi. Mapadri walimfungulia Mwanga kwa huruma bila kumwuliza atawalipa nini, na mlango ule haukumwua mtu. Stokes alimsaidia Mwanga yule yule kwa ajili ya pembe, na msaada wake uliacha nyuma bunduki ambazo wengine walizitumia kwa maovu. Huruma ya kweli haina deni nyuma yake.

Tusimhukumu roho yake. Hakuna ajuaye aliyowaza Stokes usiku ule Lindi, akingoja kupambazuke. Yamkini alizikumbuka siku zake za kwanza Uganda, akamrudia Mungu. Mwizi msalabani alipewa Paradiso katika saa yake ya mwisho. Kanisa hutufundisha kuwaombea marehemu wote. Basi mkisali jioni kwa ajili ya wafu, mkumbukeni naye, na mwakumbuke wapagazi wake wasiojulikana majina, pamoja na wote waliouawa kwa silaha alizoziuza.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Stokes alikuja Afrika kwa kazi gani, na kwa nini aliiacha?
2. Kwa nini Mapadri wa Bukumbi walimpokea Kabaka Mwanga, aliyewaua Wakristu wao?
3. Muuza silaha anashirikije katika dhambi ya kuua?
4. Lothaire alikosa wapi katika hukumu yake?
5. Katika kijiji chako, mtu akishitakiwa uchawi au wizi, Mkristu afanye nini kwanza?